Mkalimani na Sauti ya Baba Mkwe

Ungeuliza jina la karani wa mapokezi wa hospitali ya kanisa, wengi wangekuna kichwa. Lakini ungesema Mkalimani, hata muuza mkaa wa nje ya geti angekushika mkono akakupeleka mpaka dirishani kwake. Jina hilo alilipatia kanisani. Kila mwaka madaktari wa kujitolea walikuja kutoka ng'ambo na masanduku yao ya vifaa, wakapasua watu kwa majuma kadhaa bila kupumzika, na Jumapili wakaketi benchi la mbele wakisubiri mtu awaambie kinachoendelea. Mtu huyo alikuwa yeye. Siku za kazi alitafsiri wodini, Jumapili alitafsiri mimbarini, na hakuna aliyemlipa zaidi ya kumwambia Mungu atamlipa.

Sasa, ukalimani wake ulikuwa na jambo moja ambalo wenyeji walilijua na wageni hawakulijua. Hakuwa anatafsiri, alikuwa anapika. Mgeni mmoja aliwahi kusimama mimbarini akawakaripia waumini kwa kuchelewa ibada. Kwa mdomo wa Mkalimani yakatoka maneno ya kuwashukuru kwa kufika licha ya kazi nyingi za nyumbani. Waumini wakaitikia amina kwa nguvu, mgeni akadhani wametubu, na kila mtu akarudi kwake na furaha. Mchungaji, aliyejua lugha ya wageni kidogo kidogo, alimwambia baada ya ibada kwamba amejaliwa kipawa cha kuunganisha watu. Jamani, mtu akishasifiwa na mchungaji wake kwa uongo, atauacha lini?

Baba yake mumewe ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Mzee huyu alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, na vidole vyake vilibaki vimekunjamana kwa dawa za kufulia. Hakuwa na nyumba ya kujivunia wala mali ya kugombewa. Alikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya kwanza ya wanaume, nyembamba na safi, na alipoanza ubeti peke yake hata watu waliokuja kanisani kusinzia walikaa wima. Mkalimani alipoolewa katika familia ile hakujua mtu. Mzee alimweka kwenye kwaya, akamfundisha nyimbo moja moja jikoni huku wakiosha vyombo, na tangu hapo alimwita mwanangu, si mkwe.

Uvimbe wa shingo ulimwanza taratibu. Kwanza aliuficha kwa kola, baadaye kola ikakataa kufungika. Akawa halali chali. Alilala ameketi, mito nyuma ya mgongo, na pumzi yake ikapiga mluzi kama birika. Mkewe alilala macho akimsikiliza. Watoto walimsihi miaka na miaka aende akaonwe, naye kila mara alisema baada ya tamasha, baada ya mavuno, baada ya Krismasi. Mwaka huo hatimaye alikubali, kwa kuwa kupanda ngazi tatu za kanisa kulimfanya asimame katikati ashike ukuta.

Daktari aliyempokea wenyeji walimwita Daktari Pole. Neno la Kiswahili alilolijua lilikuwa hilo moja tu, na alilitumia kwa kila kitu: kwa mgonjwa, kwa kiti alichokigonga, hata kwa kukataa chai. Alikuwa mpasuaji mzuri na mtu wa haki. Alimketisha mzee, akamshika shingo huku na huku, akachora shingo nyingine kwenye karatasi, akaanza kueleza. Mkalimani alisimama kati yao kama kawaida. Alitafsiri habari ya damu, akatafsiri habari ya dawa ya usingizi, na yote mawili aliyasema vizuri tu.

Ndipo daktari akafika kwenye sauti. Alisema nyuma ya uvimbe hupita neva nyembamba kama uzi wa kushonea, nazo ndizo zinazoamrisha sauti. Uvimbe huu ulikuwa umeachwa ukakua mno, umezikalia na kuzivuta. Angejitahidi kuziacha salama, lakini hakuweza kuahidi. Mgonjwa huenda akaamka hana sauti, na huenda isirudi tena. Na asipopasuliwa, bomba la hewa litazidi kubanwa, na mafua ya kawaida tu yatatosha kumziba pumzi.

Mkalimani alimtazama Baba. Mzee alikuwa anapiga mdundo gotini kwa vidole, akingoja. Akamjua. Akisikia habari ya sauti tu, atasimama, atachukua kofia yake, atamshukuru kila mtu kwa adabu, na atakwenda nyumbani akafe akiimba.

“Anasema sauti itakwaruza kidogo, Baba, kama mtu mwenye mafua,” alisema. “Halafu utapumua vizuri.”

Mzee akacheka. Akasema kama ni kukwaruza basi hiyo ni neema, maana kwaya ina upungufu wa besi. Daktari Pole alishangaa kumwona anacheka, akamuuliza Mkalimani kama mgonjwa ameelewa jambo la sauti. Akajibu ameelewa. Daktari akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akatikisa kichwa taratibu, akasema pole.

Hapo angeweza kurudi nyuma. Kulikuwa na nafasi, walikuwa bado wameketi. Lakini uongo wa kanisani ulikuwa umemzoesha kwamba mambo hujiweka sawa yenyewe, kila mtu akaenda nyumbani na amani yake. Akatoka na Baba kwenye korido, akampeleka kupimwa damu, akiongea mengi kuliko siku zote.

Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Madaktari walikuwa benchi lao la mbele, kwaya imesimama, mzee mbele yake na mgongo kwa watu. Wimbo ule ulikuwa na ubeti wake, ule ambao siku zote aliuanza peke yake. Safari hii akamwashiria kinyozi, kijana wa sauti ya kwanza aliyekuwa akiutamani kwa muda mrefu, na kinyozi akauimba. Mzee alikuwa amewaambia mazoezini kwamba anapumzisha shingo. Ataimba mwenyewe akishapona, akiwa na hewa ya kutosha. Kinyozi aliimba vizuri, si vibaya hata kidogo.

Baada ya wimbo, mchungaji akamwita Daktari Pole aje asalimie. Akasimama mimbarini, Mkalimani ubavuni kwake, maikrofoni mkononi. Daktari alikuwa na machozi. Alisema amefanya kazi nchi nyingi, lakini hajaona ujasiri kama wa mtu huyu anayeongoza kwaya. Kesho, alisema, atalala mezani kwangu akijua kwamba huenda hataimba tena maishani, na bado amekubali. Leo nimeona ni kitu gani anachokiweka rehani. Kisha akanyamaza, akimngoja.

Kanisa zima lilimtazama Mkalimani mdomoni. Baba mkwe alikuwa amegeuka, anatabasamu, amekaza shingo yake nene ili asikie vizuri anasifiwa nini. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alifanya alilolizoea.

“Daktari anasema amezunguka nchi nyingi,” alisema, “hajaona kwaya yenye moyo kama hii. Anaomba tumwombee mwalimu wetu kesho.”

Amina ilipasuka. Daktari akafuta macho, waumini nao wakafuta macho, kila mmoja kwa sababu yake. Mzee aliinama kushukuru. Lakini kwenye safu ya sauti ya pili ya kwaya kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakuitikia. Alikuwa muuguzi wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Alisomea kazi yake ng'ambo na lugha ya wageni aliijua kuliko Mkalimani mwenyewe. Alikuwa amefunga kitabu cha nyimbo na kumkazia macho.

Alimkuta Mkalimani nyuma ya kanisa penye bomba la maji, ananawa uso. Muuguzi hakupandisha sauti. Alimuuliza kama ndivyo alivyomwambia mzee chumbani kwa daktari pia, naye akaitikia kwa kichwa.

“Basi utamwambia wewe au nitamwambia mimi,” muuguzi alisema. “Mimi ndiye nitakayemlaza, na silazi mtu aliyedanganywa.”

Mkalimani alimwomba ampe muda mpaka asubuhi. Muuguzi akasema mwisho ni mlango wa chumba cha upasuaji. Akafungua bomba, akanywa maji kwa kiganja, akaondoka.

Mumewe Mkalimani alikuwa fundi umeme wa hospitali. Alimkuta kwenye kibanda cha jenereta analijaribu kwa ajili ya kesho, maana umeme wa mji ule ulikuwa na tabia zake. Ilibidi apaze sauti, ikawa aibu yake inapigiwa kelele; mumewe akalizima. Akamsikiliza mpaka mwisho huku akijifuta grisi kwa tambara, na alipomaliza kusikiliza bado aliendelea kujifuta.

“Usithubutu,” alisema. “Bora Baba asiyeimba kuliko Baba wa kaburini. Akishuka kitandani kwa maneno yako, ni juu yako.”

Mkalimani alimwambia muuguzi atasema hata hivyo. Mumewe akajibu muuguzi aachwe aseme, yeye si wa familia. Walitazamana. Hawakuwa wamegombana hivyo tangu waoane, na yote kwa sauti ya chini, jenereta likiwa limezimwa. Akatoka kibandani anajua kwamba akisema huenda anamwua mzee, na akinyamaza anamnyang'anya kitu ambacho si chake kukitoa.

Asubuhi alikwenda wodini amepiga moyo konde. Maneno aliyapanga njia nzima. Alimkuta mama mkwe anakunja nguo za mzee na kuzitia kwenye mfuko, anaongea peke yake kwa furaha. Akamwambia mkwe wake kwamba usiku uliopita alilala, yeye mama, alilala kabisa, kwa kuwa sasa anajua mwisho wa mluzi ule umefika. Akamshika shavu. Akasema Mungu ambariki kwa kinywa chake. Mzee naye alikuwa anamtania mgonjwa wa kitanda cha pili, anamwambia akirudi atakuwa na shingo ya bwana harusi. Mkalimani akachukua shati la mwisho, akamsaidia kulikunja. Kitanda cha magurudumu kikaja.

Hospitali hiyo ilikuwa na desturi yake: hakuna mgonjwa aliyevuka mlango wa upasuaji bila kuombewa. Ndugu, wauguzi na madaktari walishikana mikono kuzunguka kitanda. Mwenye kisu ndiye aliyeomba, kwa lugha yake, na Mkalimani aliomba nyuma yake sentensi kwa sentensi, ili mgonjwa aitikie amina kwa kitu alichokisikia. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi hata angeweza kuomba sala ya Daktari Pole kabla daktari hajaifungua.

Wakashikana mikono. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkono wa mama mkwe, wa pili ndani ya mkono wa daktari. Muuguzi wa usingizi alikuwa ng'ambo ya kitanda, kofia ya kijani kichwani, macho wazi. Daktari alianza kwa shukrani, naye akashukuru. Akaombea mikono yake mwenyewe isitetemeke, naye akaiombea. Kisha daktari akasema: Bwana, sauti hii ni yako, tunakuomba umwachie. Na kama ataipoteza leo, mpe amani katika ukimya, kwa kuwa amekubali kwa moyo wake.

Mkalimani alinyamaza. Mimbarini alikuwa akibadilisha maneno kwa ajili ya watu, ili watu wasikilizane. Haya hayakuwa ya watu. Daktari alikuwa amefumba macho anasema na Mungu, na yeye sasa anataka kusimama katikati aichakachue sala? Alitafuta neno la kutia chumvi, akalikosa. Hofu ilimshika ambayo hajawahi kuionja, si ya binadamu. Daktari alisubiri kwa upole, akadhani ni uchungu.

“Bwana, tunakuomba umwachie sauti yake,” alisema. “Na kama ataipoteza leo, mpe amani katika ukimya. Kwa kuwa amekubali.”

Hakuna aliyesema amina. Mzee alifumbua macho.

“Rudia hapo,” alisema.

Akarudia.

“Nimekubali nini?”

Ndipo Mkalimani akasema yote, ameshika chuma cha kitanda. Alisema habari ya neva, habari ya chumba cha daktari, na yale daktari aliyoyasema kweli mbele ya kanisa zima. Alisema aliogopa angekataa. Mama mkwe alimwachia mkono katikati ya maneno. Mumewe alitazama sakafu. Muuguzi alimnong'oneza daktari, na daktari akageuka mwekundu, akafungua mdomo, na hata lile neno lake moja likamshinda.

Mzee akainuka akaketi, miguu ikining'inia kitandani ndani ya lile gauni fupi la hospitali. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Mkalimani akae pembeni, anataka kusikia kwa mtu mwingine. Muuguzi akasogea. Mzee akamhoji daktari kama mtu anayenunua nyumba: neva ziko wapi, ameshapasua shingo ngapi za namna hii, zile zilizopoteza sauti zilikuwaje, akienda nyumbani leo nini kitatokea. Muuguzi alitafsiri bila kupunguza. Mkalimani alisimama ukutani, akisikia kila neno mara mbili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kazi ya kufanya na mdomo wake. Daktari alisema anaweza kurudi nyumbani na hakuna atakayemkasirikia. Alisema mzee alistahili kuyajua haya siku ile ya kwanza.

Pumzi ya mzee ilipiga mluzi koridoni. Mfagizi alisimama na ndoo yake mbali, asijue apite au arudi. Hatimaye mzee akamtazama Mkalimani.

“Jana nilimpa kinyozi ubeti wangu,” alisema. “Nilidhani muda ninao. Ungeniambia, ningeimba mwenyewe.”

Mkalimani akasema nisamehe, Baba. Mumewe, kwa kutaka kutengeneza mambo, akasema Baba aimbe basi sasa hivi, wapo wote, wanamsikiliza. Mzee akamuuliza aimbe na nani, na ukuta? Kuimba ni na watu wake, na watu wake walikuwapo jana. Kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza yeye anataka nini. Mama mkwe alisema amemsikiliza akiimba tangu wakiwa vijana, na miaka hii anamsikiliza akipumua, na akiambiwa achague kimoja, anataka pumzi. Alisema hivyo akiwa analia na hakujifuta. Mzee akamshika bega kidogo. Akajilaza, akamwambia muuguzi twende.

Waliketi kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, na Mkalimani akaketi mwisho wake, kukawa na nafasi ya watu wawili kati yake na mama mkwe. Hakuna aliyeikalia. Mumewe alikwenda kibandani kwake na ikawa vyema alikwenda, kwa sababu upasuaji ukiwa katikati taa zilizimika. Korido ikawa giza, na nyuma ya mlango ule kukawa kimya kabisa. Mama mkwe akalitaja jina la Yesu. Mkalimani alisimama bila kujua anakwenda wapi, akauma kidole, akawaza shingo ile imefunguliwa hapo ndani na mikono ya watu inapapasa gizani. Halafu jenereta likakohoa, likakohoa tena, likashika. Taa zikawaka. Akakaa palepale sakafuni.

Daktari Pole alitoka akiwa amechoka, barakoa inaning'inia sikioni, muuguzi nyuma yake. Kwa mazoea alimtazama Mkalimani, kisha akamgeukia muuguzi. Uvimbe umetoka wote, alisema. Bomba la hewa liko wazi. Neva moja ilikuwa imegandamana na uvimbe wenyewe, ameitenga kadiri alivyoweza. Sauti huenda ikarudi baada ya miezi, huenda isirudi. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu, kama anapumua. Akaambiwa anapumua.

Walipoingizwa wodini, mzee alikuwa amelala chali. Chali kabisa, na kimya. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe na imekuwa nyembamba hata hakufanana na yeye. Alifumbua macho, akawatazama mmoja mmoja. Midomo ikatikisika. Mumewe Mkalimani akainama, akatega sikio, akasema hasikii kitu, ni hewa tu. Mama mkwe naye akainama, akatikisa kichwa. Mzee akajaribu tena, akachoka, akafumba macho. Alipoyafumbua alimtafuta Mkalimani, aliyekuwa amesimama kule miguuni, akamwita kwa kidole.

Akaja. Akaweka sikio karibu na midomo yake mpaka akahisi joto. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiokota maneno ya watu yaliyovunjika, katika kelele za mapokezi, kwa wagonjwa wasio na nguvu, kwa wageni wanaomeza nusu ya herufi. Alisikia.

“Anasema hana maumivu,” aliwaambia. Akainama tena. “Anasema daktari ashukuriwe.”

Mara ya tatu aliinama muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, na mumewe akamuuliza Baba amesema nini. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Hakuna mwingine aliyesikia hata silabi moja. Angesema lolote, lingepita. Mzee alikuwa anamtazama mdomo.

“Anasema mimi ni mwongo,” Mkalimani alisema. “Anasema hajanisamehe, na hajui kama atanisamehe. Anasema nisiende mbali, kwa sababu nyinyi hammsikii.”

Mzee alisubiri kuona kama kuna aliloliacha. Halikuwapo. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.